Kubuni programu ya simu ya kuendesha timu ya mtaani, hatua kwa hatua

Timu nyingi za mtaani, ziwe Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza, tayari zina mfumo wa kujipanga: grupu la WhatsApp. Katibu anaandika "Jumapili saa 10 jioni, 1. Hamisi, 2. Baraka", kila anayekuja ananakili orodha, anaongeza jina lake chini na kuituma upya. Mambo yanakwenda vizuri mpaka watu wawili wajiandikishe kwa wakati mmoja. Wote wawili wamenakili orodha yenye watu tisa, kila mmoja amejiweka wa kumi, na atakayefuata akinakili ujumbe wa mwisho anamfuta mmoja wao bila kujua. Jumapili jioni mtu anafika uwanjani na viatu vyake, jina hakuna, na nafasi zimejaa.

Hiyo orodha ndiyo unayoshindana nayo. Ni ya bure, kila mtu anayo na hakuna anayehitaji kufundishwa. Programu yako itatumika tu ikiwa inajibu maswali matatu vizuri kuliko hiyo: nani anakuja, saa ngapi na wapi, nani hajalipa. Mwongozo huu unachukua mfano wa timu ya soka ya wikiendi, watu wazima, inayocheza saba kwa saba kwenye uwanja wa kukodi. Kikapu na wavu hubadilisha idadi ya wachezaji tu, na netiboli, yenye saba kila upande, hata hiyo haibadilishi. Mengine yanabaki yaleyale.

Hatua ya 1: Keti na katibu kabla ya kuchora chochote

Chagua timu moja halisi. Mwombe katibu akuonyeshe kazi yake ya wiki nzima, kuanzia kumpigia mwenye uwanja hadi kufunga hesabu na mweka hazina. Kisha, kwa ruhusa yao, pitia ujumbe wa grupu wa wiki nne na uugawe mafungu manne: wa kuuliza muda na uwanja, wa nipo na sipo, wa pesa, na wa soga. Mafungu matatu ya kwanza ndiyo kazi yako. La soga liache lilipo. Wanaoanza kubuni programu za michezo hupoteza miezi wakijenga sehemu ya kuchati, picha na video, halafu wachezaji wanabaki WhatsApp kwa sababu ndiko waliko ndugu na marafiki zao wote.

Andika pia majukumu, kwa sababu yataamua nani anaona nini. Katibu anafungua mechi na kuifuta. Mweka hazina anathibitisha malipo. Mchezaji anajibu na kulipa. Mwenye uwanja hahitaji akaunti kabisa. Anahitaji kupigiwa simu mapema.

Hatua ya 2: Panga taarifa za mechi

Mechi moja inahitaji mambo haya: siku na saa ya kuanza, saa ya kufika uwanjani, uwanja, idadi ya chini, idadi ya juu, mchango wa kila mtu, mwisho wa kujiandikisha, na hali yake (imefunguliwa, imejaa, imethibitishwa, imefutwa, imechezwa). Saa ya kufika itenganishe na saa ya kuanza. Uwanja wa kukodi hulipiwa kwa saa, na dakika 20 za kuvaa na kusubiriana zinakatwa kwenye muda mliolipia.

Kwa saba kwa saba, idadi ya juu ya 14 ni ndogo mno ukitaka watu wa kupokezana; weka 18. Idadi ya chini iwe 12, yaani sita kwa sita, ambayo bado inachezeka. Ikifika mwisho wa kujiandikisha watu hawajafika 12, programu isiifute mechi yenyewe. Imwambie katibu, yeye aamue, maana huenda kuna wanne wamemwahidi kwa mdomo.

Kwenye hifadhidata, yaani mahali programu inapotunza taarifa zake, mtenge mchezaji na uanachama wake. Mtu mmoja anaweza kuwa beki wa timu ya kazini Alhamisi na kipa wa timu ya mtaani Jumapili, na deni lake la huku halihusiani na la kule. Jibu la mchezaji kwa mechi nalo liwe rekodi yake peke yake, yenye muda lilipofika. Na wekea nafasi "mgeni": mwanachama anamleta shemeji yake aliyekuja kutembea, anamwandikisha kwa jina tu, na mchango wa mgeni unahesabiwa kwa aliyemleta.

Uwanja unahitaji zaidi ya jina. Ukiandika "Viwanja vya Leaders, Kinondoni" wenyeji wanafika, lakini hapo kuna nafasi ya michezo kadhaa kwa wakati mmoja. Hifadhi alama ya ramani (tarakimu tano baada ya nukta zinatosha, ni usahihi wa kama mita moja), iweke kwenye lango la kuingilia badala ya katikati ya uwanja, halafu ongeza sentensi moja ya katibu: "Ingia lango kubwa, sisi tuko upande wa kushoto karibu na miti." Sentensi hiyo ndiyo itakayosomwa na dereva wa bodaboda.

Hatua ya 3: Chora skrini moja kwa umakini wote

Mchezaji akifungua programu aone mechi ijayo, siyo menyu. Juu kabisa: "Jumapili 14 Juni, saa 10:00 jioni. Fika saa 9:40." Chini yake uwanja, na kitufe cha ramani. Kisha hesabu kwa herufi kubwa: "11 kati ya 18". Kisha vitufe viwili, NIPO na SIPO, vimejaza upana wa skrini. Majina ya waliojibu yafuate chini. Ndiyo skrini nzima. Mtu aliyening'inia kwenye daladala kwa mkono mmoja anaweza kujibu kwa kidole gumba.

Kitufe cha "Labda" kiache. Kinampa mchezaji raha ya kuonekana amejibu, na kinamwachia katibu mzigo uleule: hawezi kumhesabu mtu huyo, wala hawezi kumpa mwingine nafasi yake. Kwa ambaye hajajua ratiba yake, weka kiungo kidogo cha "Nikumbushe kesho". Kwenye hesabu abaki kuwa hajajibu, kwa sababu kweli hajajibu.

Kuhusu muonekano: kila kitu cha kuguswa kiwe na angalau dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini za Android) kwa urefu na upana, tofauti ya rangi kati ya maandishi na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1, na usitegemee kijani na nyekundu peke yake kutofautisha aliyepo na asiyepo. Wapo wanaume wengi wasiozitofautisha rangi hizo, na kwenye jua la saa tisa alasiri hata wenye macho mazima hawazioni vizuri. Weka neno au alama pembeni ya rangi.

Hatua ya 4: Foleni ya nafasi zikijaa

Hapa ndipo ugomvi unapoanzia, kwa hiyo sheria ziandike kwa Kiswahili cha kawaida kabla hujaandika mstari wowote wa kodi (maelekezo ya kompyuta yanayoendesha programu), na zionekane ndani ya programu.

Wa 19 anaingia kwenye foleni na anaonyeshwa namba yake: "Wewe ni wa 1 kwenye foleni." Mtu akijitoa mapema, wa kwanza kwenye foleni anapata arifa na saa mbili za kuthibitisha, asipojibu inakwenda kwa wa pili. Mtu akijitoa ndani ya saa tatu za mwisho, utaratibu huo haufai tena, kwa sababu wa kwanza anaweza kuwa amelala au yuko kanisani, na nafasi itapotea ikimsubiri. Hapo arifa iende kwa foleni nzima, wa kwanza kugusa anachukua.

Mpangilio uamuliwe na muda jibu lilipofika kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayopokea majibu ya wote. Saa ya simu isitumike kamwe, kwani ziko simu zilizo mbele au nyuma kwa dakika kadhaa, na mwenye simu anaweza kuibadilisha akitaka. Seva nayo ihesabu nafasi na kuandika jina katika muamala mmoja wenye kufuli, yaani yote mawili yafanyike kama hatua moja na ombi jingine lisubiri mpaka iishe. Kosa la kawaida ni kusoma hesabu kwanza ("17, bado moja"), kisha kuandika kwa hatua ya pili. Maombi mawili yakifika pamoja, yote yanasoma 17, yote yanaandikwa, na mna watu 19 kwenye nafasi 18. Hapo umerudia kosa lilelile la orodha ya WhatsApp. Jaribu kwa kutuma maombi 50 kwa pamoja yanayogombea nafasi moja: lazima likubaliwe moja na 49 yaingie foleni. Jaribio hili liendeshe kila unapobadilisha kodi ya sehemu hiyo.

Kuna na hali ya mtu aliyegusa NIPO akiwa hana bando. Simu ihifadhi jibu lake kwenye hifadhidata yake ya ndani, kama SQLite, ilipatie namba ya kipekee, na itume mtandao ukirudi. Ile namba inazuia jibu moja kuhesabiwa mara mbili simu ikirudia kutuma. Mpaka seva ikubali, skrini iandike "Inasubiri mtandao" na alama ya saa. Ukiweka tiki mapema, mtu ataamini ana nafasi na kuja na nguo za mchezo, kumbe jibu lake halijatoka kwenye simu.

Hatua ya 5: Saa

Kichaguzi cha saa kinachokuja na Android huonyesha 4:00 PM au 16:00. Katibu anayewaza saa kumi jioni anaweza kugusa 10:00 akaendelea, na mechi ikajiandika saa nne asubuhi. Nusu ya timu itaona kosa na kuuliza, nusu haitaona.

Tengeneza kichaguzi chako. Kwanza mtumiaji achague kipindi: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kisha achague saa ya Kiswahili. Kabla ya kuhifadhi, onyesha namna zote mbili kwenye mstari mmoja: "Saa 10:00 jioni (16:00)". Kanuni ya kubadilisha ni nyepesi: chukua saa ya mfumo wa 24, ongeza 6, gawa kwa 12 na uchukue baki, baki likiwa 0, ni saa 12. Mfano 16 + 6 = 22, baki ni 10. Kwa 7 asubuhi, 7 + 6 = 13, baki ni 1, yaani saa moja.

Kwenye seva hifadhi muda kwa UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima) na uonyeshe kwa saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko saa 3 mbele mwaka mzima. Usifupishe kwa kuhifadhi muda wa hapa moja kwa moja. Mchezaji aliyeko safarini Muscat anasoma saa moja zaidi, na simu yake itamkumbusha wakati usio wake.

Angalia pia mechi za usiku. Timu za pwani zinazocheza baada ya tarawehe mwezi wa Ramadhani zinaweza kumaliza kukishapita saa sita usiku, na tarehe imeshabadilika kwenye kompyuta wakati kwa wachezaji ni usiku uleule. Kwa chochote kinachoanza kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri, programu iandike "usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili". Mechi za kujirudia kila wiki zizalishe kwa wiki nne tu mbele, na katibu akibadilisha moja aulizwe: hii tu, au hii na zote zinazofuata?

Hatua ya 6: Kuingia bila kusumbuana

Namba ya simu ndiyo utambulisho unaofaa. Barua pepe wengi hawaifungui. Mtu ataandika 07, mwingine 2557, mwingine +2557 na nafasi katikati. Zote zibadilishe kuwa umbo moja, kwa Tanzania +255 na tarakimu tisa, kabla ya kuhifadhi, la sivyo mchezaji mmoja atakuwa na akaunti tatu na madeni matatu. Laini zikikaa muda mrefu bila kutumika hupewa watu wengine, kwa hiyo akaunti iliyolala miezi mingi ikirudi, katibu aithibitishe upya kabla haijaona chochote cha timu.

Sasa jambo ambalo wabunifu wengi hulikataa: sehemu ya timu haitapakua programu yako. Wengine simu zimejaa, wengine hawataki tu. Wape ukurasa wa wavuti unaofunguka kwa kiungo kilichotumwa kwenye grupu, wenye skrini ileile ya NIPO na SIPO. Waulize namba mara moja, uithibitishe kwa SMS, kisha kivinjari kiwakumbuke. Programu kamili iwe muhimu kwa katibu na mweka hazina. Kwa mchezaji iwe hiari.

Mwenye kiswaswadu apate SMS: "Mechi Jpili 14/6 saa 10 jioni, uwanja wa shule. Jibu 1 NIPO, 2 SIPO kabla ya Jmosi saa 2 usiku." Haifiki herufi 120. SMS moja hubeba herufi 160 za kawaida, lakini ukiweka emoji moja, au alama za kunukuu zilizopinda ulizonakili kutoka Word, kiwango kinashuka hadi 70 na ujumbe uleule unalipiwa mara mbili. Weka kichujio kwenye seva kinachobadilisha alama hizo kabla ya kutuma.

Hatua ya 7: Arifa tatu, basi

Ya kwanza mechi inapofunguliwa, kwa wote. Ya pili siku moja kabla ya kufunga, kwa wasiojibu peke yao. Ya tatu saa tatu kabla ya mchezo, kwa waliosema wapo. Ukizidisha, watu wanazizima, na siku ya kufuta mechi hutawapata.

Kuanzia Android 13 programu lazima iombe ruhusa ya kutuma arifa. Usiiombe mara tu programu inapofunguliwa, subiri mtu aguse NIPO, kisha uliza: "Tukujulishe mechi ikibadilika?" Hapo anaona sababu. Akikataa mara mbili, mfumo wa simu hautamwonyesha ombi tena, itabidi aende mwenyewe kwenye mipangilio. Simu nyingi za bei nafuu pia huzima programu zilizoko nyuma ili kutunza chaji, kwa hiyo usitegemee kengele iliyopangwa ndani ya simu. Tuma kutoka kwenye seva.

Kufuta mechi ni jambo la pekee. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, uwanja wa udongo unaweza kuwa mkavu saa nne asubuhi na kujaa maji saa nane mchana. Kitufe cha kufuta kimtake katibu achague sababu (mvua, uwanja, msiba, idadi), kisha programu itume arifa na SMS kwa pamoja. Halafu katibu aonyeshwe orodha ya ambao bado hawajafungua taarifa, kila jina likiwa na kitufe cha kupiga simu. Orodha ya watu watatu wa kuwapigia inamaliza kazi kwa dakika tano.

Hatua ya 8: Pesa

Kanuni ya kwanza: programu isishike pesa ya mtu. Ukianza kupokea michango kwenye akaunti yako na kuigawa, umeingia kwenye biashara ya malipo inayosimamiwa, kwa Tanzania, na Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, na kila shilingi iliyochelewa itakuwa lawama yako. Pesa iende moja kwa moja kwa mweka hazina au kwenye Lipa Namba ya timu. Programu itunze kumbukumbu.

Toleo la kwanza lifanye hivi. Mchezaji anaona kiasi na namba ya kulipia, na kitufe cha kunakili namba. Akishalipa anagusa "Nimelipa" na kubandika ujumbe wa uthibitisho aliopata kwenye simu. Programu inachomoa namba ya muamala na kuikataa kama imeshatumika, kwani ujumbe mmoja hutumwa mara mbili, mara nyingi kwa kusahau tu. Mweka hazina anaiona kwenye orodha yake, analinganisha na simu yake, anathibitisha. Deni linakuwa na hali tatu: anadaiwa, amesema amelipa, imethibitishwa. Usizipunguze kuwa mbili. Hali ya katikati ndiyo inayolinda pande zote mbili mtandao wa malipo unapochelewa.

Kenya unaweza kwenda mbali zaidi kwa Daraja ya Safaricom, mfumo wa kuunganisha programu na M-Pesa, ambayo huipeleka simu ya mlipaji ombi la kuweka PIN ya M-Pesa. Kosa la kawaida hapo ni kuandika "amelipa" mara tu ombi linapokubaliwa. Kukubaliwa kunamaanisha ombi limetumwa. Mtu anaweza kughairi au asiwe na salio. Subiri majibu ya mwisho, yahifadhi kwa namba ya ombi ili yakija mara mbili yasihesabiwe mara mbili, na yasipofika, uliza hali ya muamala mwenyewe.

Hesabu yenyewe: uwanja ni shilingi 70,000. Wakija 14, kila mmoja 5,000. Wakija 11, ni 6,363 na senti, kiasi ambacho hakuna atakayekituma. Panda hadi 6,500, inapatikana 71,500, na 1,500 inayozidi iingie mfuko wa mipira na maji, ionekane kwa wote. Kiasi kihifadhi kama namba kamili ya shilingi, bila desimali. Na hakuna ingizo linalofutwa: kosa likitokea, mweka hazina anaweka ingizo la kurekebisha, lenye jina lake na sababu.

Orodha ya wadaiwa isionekane kwa timu nzima. Kila mtu aone deni lake, mweka hazina aone yote. Ziko timu zinazotaka majina yabandikwe, lakini aliyekwama mwezi huu akianikwa mbele ya wenzake haji tena, na mmempoteza mchezaji kwa ajili ya shilingi elfu kumi.

Hatua ya 9: Kugawa vikosi

Katibu anampa kila mchezaji daraja la 1 hadi 5, linaloonekana kwa waandaaji tu. Tenga makipa kwanza, kila upande mmoja. Waliobaki wapange kutoka mkali zaidi hadi wa mwisho, kisha wagawe kwa mtindo wa nyoka: A, B, B, A, A, B, B, A. Ukigawa A, B, A, B, upande wa A unapata mtu bora kidogo katika kila jozi na mechi inaisha mapema. Mwache katibu abadilishane majina kwa kuyaburuta, kwani anajua nani hawachezi vizuri pamoja.

Hatua ya 10: Bonanza

Siku moja katibu atataka kualika timu nane. Kila timu ikikutana na kila timu, mechi ni 8 × 7 ÷ 2 = 28. Kwa dakika 20 za mchezo na 5 za kubadilishana, uwanja mmoja unahitaji dakika 700, karibu saa 12 bila kupumzika. Haiwezekani. Programu imwambie hivyo mapema na impe njia nyingine: makundi mawili ya timu nne, mechi 6 kila kundi, nusu fainali mbili na fainali. Jumla 15, dakika 375, yaani saa 6 na robo. Ikianza saa mbili asubuhi inamalizika saa nane na robo, na ukiacha nusu saa ya chakula bado jua lipo.

Kupanga ratiba ya kundi, bakiza timu moja mahali pake na zungusha nyingine nafasi moja kila raundi. Idadi ikiwa witiri, ongeza timu ya kubuni iitwayo "Pumzika". Namna ya kutenganisha timu zilizolingana pointi ichaguliwe na kufungwa kabla ya mechi ya kwanza: tofauti ya mabao kwanza, au matokeo walipokutana? Zote zinakubalika, ila haiwezekani kuchagua baada ya kuona matokeo. Msimamo usihifadhiwe popote. Uhesabiwe upya kutoka kwenye matokeo kila unapoonyeshwa, ili bao lililorekebishwa lirekebishe kila kitu.

Hatua ya 11: Taarifa za watu

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina ya kwake ya 2019. Njia rahisi ya kuzitii ni kutokusanya usichohitaji. Jina, namba ya simu na nafasi anayocheza vinatosha. Tarehe ya kuzaliwa omba pale tu kuna mashindano ya umri. Namba za simu zionekane kwa waandaaji, zisionekane kwa wachezaji wote. Kwa timu za watoto, akaunti iwe ya mzazi au mlezi, na picha za watoto zisiwepo. Weka njia ya kufuta akaunti ndani ya programu na kwenye wavuti pia. Google Play inataka zote mbili.

Hatua ya 12: Jaribu, kisha toa

Anza na karatasi. Chora skrini tano, mpe mchezaji mmoja mmoja, mwambie: "Unataka kwenda Jumapili, onyesha utakavyofanya." Nyamaza na utazame kidole chake. Watu watano wanatosha kufichua makosa makubwa. Ukishakuwa na toleo linalofanya kazi, lijaribu kwenye simu yenye RAM ya GB 2, uwanjani, mchana, mtandao ukiwa hafifu. Flutter, zana ya kutengenezea programu, inakupa Android na iPhone kwa kodi moja, na hifadhidata ya PostgreSQL inatosha mno kwa kazi hii. Lenga Android kwanza.

Akaunti ya Google Play ni dola 25 mara moja. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka. Programu ya akaunti mpya ya mtu binafsi kwenye Google Play inatakiwa ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kutoka hadharani. Timu moja inatosheleza idadi hiyo, ila waandikishe 15 au 16, maana akijitoa mmoja katikati na mkabaki chini ya 12, hesabu ya siku inavurugika.

Kwa wiki nne za mwanzo pima vitu vitatu: wangapi wamejibu kabla ya kufunga, wangapi walisema wapo hawakuja, na katibu amepiga simu ngapi. Cha pili kinahitaji katibu aweke alama ya waliofika, kwa kugusa majina akiwa uwanjani, hata bila mtandao. Simu zake zisipopungua, rudi hatua ya 3 na ya 7 kabla ya kuongeza chochote kipya.

Kabla ya kuipa timu ya pili, hakikisha kila timu ina waandaaji wasiopungua wawili na programu inakataa kumwondoa wa mwisho. Makatibu huhamishwa kazi, husafiri, hukosana na kamati. Weka kitufe cha kukabidhi majukumu, na kingine cha kutoa wanachama, mahudhurio na hesabu za mfuko kwenye faili la CSV (jedwali linalofunguka kwenye Excel), ili katibu mpya aanze na kumbukumbu zote mkononi.